MWILI UKITETEMEKA, IMANI IMEKWENDA WAPI?





Ijumaa hii tuzungumze juu ya jambo ambalo limeleta maneno mengi katika barza ya msikiti kwa wiki kadhaa sasa. Kijana mmoja aliuliza baada ya darsa ya magharibi: mtu anayemwamini Mungu kwa kweli, je, inafaa moyo wake upige kwa hofu? Akitetemeka, akitoka jasho, akikosa usingizi, si ndiyo dalili kwamba hakumtegemea Mola wake? Wengine walimjibu pale pale, kwa sauti kubwa: mwenye Mungu haogopi kitu. Neno hilo ni tamu mdomoni. Lakini usiharakishe kulimeza, ndugu msomaji, kwani limekwisha kumtoa mtu msikitini, na mbele kidogo nitakueleza namna gani.

Tuanze na mwili wenyewe, kwani huwezi kumhukumu mtu kwa jambo usilolijua. Wewe unayechinja siku ya Idi, ukimpasua mbuzi na kutoa figo, tazama vizuri katika yale mafuta yanayoizunguka. Utakuta kitu kidogo, kama punje ya haragi, ambacho wengi wetu tunakitupa pamoja na mafuta bila kuuliza. Ni tezi. Mwanadamu naye anazo mbili, moja juu ya kila figo, na wanganga wa hospitali wanaziita tezi za adrenali. Kitu kidogo hivyo, lakini siku ya hatari ndicho kinachopiga ngoma kwa mwili mzima.

Sema unavuka barabara karibu na soko, na lori linatokea mbele yako bila honi. Jicho limeona. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi ambayo kazi yake ni kunusa hatari. Inatuma habari chini, kwa njia ya mishipa ya fahamu inayopita katika uti wa mgongo, mpaka kwenye zile tezi, nazo zinamwaga katika damu maji yanayoitwa adrenalini. Moyo unaanza kupiga mbio. Njia za pumzi zinapanuka ili hewa iingie nyingi. Ini linafungua ghala lake na kumwaga sukari katika damu, kwani misuli inataka chakula cha kukimbilia. Damu inaondoka kwenye ngozi na tumbo, inakwenda kwenye misuli ya mapaja na mikono, na ndiyo sababu vidole vinakuwa baridi. Mate yanakauka. Mboni ya jicho inapanuka. Jasho linatoka. Hata damu yenyewe inajiweka tayari kuganda upesi, ili ukijeruhiwa usimalizike. Mwili umefanya yote hayo, na wewe bado hujasema Bismillahi.

Mtu aliyeyachunguza mambo haya sana ni Walter Cannon, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard kule Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa akitazama matumbo ya paka kwa mashine ya eksirei ili ajue chakula kinavyosagwa. Akaona kwamba paka akiogopa au akikasirika, tumbo linasimama, halisagi tena. Baada ya miaka ya kazi, mwaka 1915, alitoa kitabu akieleza kwamba mwili katika hofu na hasira unajitayarisha kwa mambo mawili, kupigana au kukimbia, na kila badiliko ndani yake lina kazi yake katika matayarisho hayo. Basi mama aliyepata habari ya msiba na kushindwa kumeza hata tonge moja la ugali, msimwambie kwamba anakataa chakula cha watu. Tumbo lake limefungwa kwa amri isiyotoka kwake.

Baada ya wimbi hilo la kwanza linakuja la pili, la polepole. Ubongo unaamuru, na gamba la nje la tezi zile zile linatoa kitu kingine, kortizoli, ambacho kinaendelea kuweka sukari katika damu kwa muda mrefu zaidi na kutuliza uvimbe. Hicho nacho si sumu. Kila siku kinapanda mwilini wakati wa kuamka asubuhi na kushuka kuelekea usiku. Anayeamka kwa swala ya alfajiri ameinuliwa pia na kortizoli yake, ajue asijue.

Sasa nataka ushike jambo moja hapo. Mpangilio huu wote unakwenda kwa haraka kuliko fikira. Ukishaanza kuwaza "hii ni hatari", moyo wako umekwisha kukimbia. Basi ni nani aliyetenda? Sisi tuliofundishwa chuoni kwamba matendo yanahesabiwa kwa nia, tujiulize: nia ilikuwa wapi katika mapigo yale ya kwanza ya moyo? Haikuwapo. Haikupata nafasi ya kufika. Na jambo lililotangulia nia ya mtu haliwezi kuandikwa kama dhambi yake, wala kama upungufu wa imani yake, kama vile hatumwandikii mtu dhambi kwa kupiga chafya.

Nitatoa ushahidi mahali ambapo hakuna Mwislamu atakayebishana nami. Nabii Musa (a.s.) alisema na Mola wake, hakuna cheo cha imani kinachopita hicho. Na hapo hapo, fimbo yake ilipogeuka nyoka, alirudi nyuma akakimbia wala hakugeuka. Habari hiyo imo katika Sura an-Naml na tena katika al-Qasas. Je, alitukanwa? Aliitwa, akatulizwa, akaambiwa asiogope, kisha akapewa kazi kubwa kuliko kazi za watu wote wa zama zake. Baadaye, mbele ya wachawi wa Firauni, hofu ikamwingia tena nafsini, Sura Taha inalieleza waziwazi. Mama yake naye, siku aliyomweka mtoto katika maji, moyo wake ulibaki mtupu kabisa. Nabii Yaqub (a.s.) alilia kwa kumpoteza Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na huyo ndiye tunayemtaja kila mara tunapofundisha subira njema. Subira yake haikuuzuia mwili wake kuumia. Tunasoma habari hizi kila mwaka katika Ramadhani, kisha tunatoka nje na kumwambia jirani kwamba anayetetemeka hana imani.

Sheria yenyewe imeiwekea hofu mahali pake. Ipo swala ya hofu, katika Sura an-Nisaa aya ya 102, kundi moja linaswali na jingine linalinda, kisha wanabadilishana. Haikuamriwa kungoja mpaka hofu iishe ndipo watu waswali, wala haikusemwa kwamba mwenye hofu hana swala. Na mafakihi wamesema kwamba anayeogopa juu ya nafsi yake ana udhuru wa kukosa hata swala ya Ijumaa.

Sisi wa Kisangani jambo hilo hatukulisoma tu vitabuni. Tarehe 5 Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalianza kupigana ndani ya mji wetu, na hayakunyamaza mpaka tarehe 10. Zaidi ya mabomu 6,000 yalipita juu ya vichwa vyetu, kutoka ng'ambo moja ya mto Tshopo kwenda nyingine. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa na karibu 1,700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilibomoka au kuharibika. Kati ya siku hizo sita kulikuwa na Ijumaa, tarehe 9. Nani kati yetu aliyewalaumu waliobaki chini ya vitanda na watoto wao siku hiyo? Hakuna. Kila mmoja alikuwa chini ya kitanda chake.

Lakini ona mambo ya ajabu. Hofu ya siku zile hatukuilaumu. Tunailaumu sasa, kwa wale ambao miili yao haikutoka katika vita. Yuko mzee mmoja wa jamaa yetu, sitamtaja, ambaye aliwazika watu wawili wa nyumba yake uani wakati ule, kwani kwenda makaburini hakukuwezekana. Tangu hapo radi ikipiga, na ninyi mnajua radi za mji huu wakati wa masika, mzee huyo anaanguka chini kabla hajajua anafanya nini. Siku moja ilimtokea katika safu, rakaa ya pili ya adhuhuri. Vijana wakacheka. Mmoja akasema majini. Mwingine akasema lile neno tamu, kwamba mwenye Mungu haogopi kitu. Mzee aliokota kofia yake, akatoka, na tangu siku ile anaswali nyumbani.

Wanganga wanajua jambo hili. Mwaka 1980 wakubwa wa udaktari wa akili wa Marekani waliliandika rasmi katika orodha yao ya magonjwa, baada ya kuwaona askari waliorudi kutoka vita ya Vietnam. Ile sehemu ya ubongo yenye umbo la lozi imejifunza kwamba mlio fulani unaleta kifo, na haisahau kwa sababu mtu amezeeka au kwa sababu amani imetiwa sahihi. Mlio ukija, inaamuru. Haiulizi ni mwaka gani. Nao mwili unafanya kile ambacho mwaka 2000 kiliokoa maisha ya mtu, yaani kulala chini. Yule mzee katika safu alifanya jambo ambalo kila askari anafundishwa. Ukitaka kucheka, cheka pia na mtu aliyechomwa moto ambaye anarudisha mkono akiona makaa.

Tuna mfano mwema wa namna ya kumpokea mtu kama huyu, nao umo katika habari ya kwanza kabisa ya dini yetu. Mtume (s.a.w.) alipotoka katika pango la Hira baada ya wahyi wa kwanza, alifika nyumbani akitetemeka, akaomba afunikwe. Mama yetu Khadija (r.a.) hakumuuliza imani yake iko wapi. Hakuita majirani waje watazame. Alimfunika mpaka hofu ikamtoka. Kisha akamkumbusha mema yake, jinsi anavyounga udugu, anavyowabeba wanyonge, anavyomkirimu mgeni. Kisha akampeleka kwa Waraqa, mtu mwenye elimu kuliko yeye. Blanketi kwanza, neno jema lifuate, halafu mjuzi. Mimi naona watu wengi katika kartie zetu wanageuza: wanaanza na mjuzi, tena mjuzi wa uongo anayetoza franga, neno jema halipo, na blanketi wamemnyang'anya.

Hapa najua kuna msomaji mwerevu amekwisha kuinua kidole. Atasema: Shehe, umefungua mlango mbaya. Kama mwili unatenda kabla ya nia, na mtu halaumiwi, basi na mwenye hasira tumwache. Hasira si hofu ndugu yake? Adrenalini si ile ile? Mtu akimpiga bibi yake na kusema "damu ilinipanda", utamjibu nini?

Ni swali la haki, na ndilo lililonifanya niandike karatasi hii kwa urefu, kwani mlango huo kweli wako wanaoupitia. Nakubali kwamba wimbi la kwanza la hasira ni sawa na wimbi la kwanza la hofu. Moyo unakimbia, uso unakuwa moto, mkono unakunjika. Hilo haliandikwi. Lakini mtu huyo huyo umtazame asubuhi kwenye barieri. Askari amemsimamisha, amemdai franga bila haki, amemwita kwa jina la mnyama mbele ya watoto wake. Damu haikupanda? Ilipanda, labda kuliko ya jioni. Mkono haukukunjika? Ulikunjika ndani ya mfuko. Lakini alisema "ndiyo, shefu", akatoa franga, akapita. Jioni chumvi imezidi katika sombe, na mkono ukainuka. Basi niambie, ni mwili uliochagua kwamba kwa askari utulie na kwa bibi upige? Tezi za juu ya figo hazijui nani ana bunduki na nani hana. Wewe ndiye unayejua. Hasira inayomchagua wa kumpiga, na kila mara inamchagua mnyonge, imekwisha kupita kwa mwenye nyumba na kuomba ruhusa, na ruhusa ikatolewa.

Kwa hiyo mpaka uko hapo, ndugu zangu. Kupiga kwa moyo si kwako. Kupiga kwa mkono ni kwako. Kati ya hayo mawili kuna nafasi, ni fupi sana, pumzi mbili au tatu, na hesabu yetu yote iko ndani ya nafasi hiyo. Ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alipowafundisha watu juu ya hasira hakusema msiwe na mwili. Alimwambia aliyesimama akae, na kama hasira haijaondoka alale. Alimwambia mwenye hasira anyamaze. Haya ni maagizo ya mwili! Mtu aliyelala chali hawezi kupiga vizuri, na kabla hajainuka, muda umepita. Wanganga wanatuambia kwamba adrenalini haidumu katika damu, kwa dakika chache nusu yake imekwisha kuvunjwa, ingawa mwili unaweza kuchukua nusu saa au zaidi kabla haujatulia kabisa, na zaidi tena kama wewe mwenyewe unaendelea kuchochea moto kwa maneno.

Kwa sababu hiyo pia kadhi amekatazwa kuhukumu akiwa na hasira, na mafakihi wakaongeza juu yake njaa kali, usingizi mzito na haja ya choo. Waliona zamani kwamba mwili ukiwa taabani, akili inaona mbali kidogo tu. Juu ya mtu anayetamka talaka katika hasira, wanazuoni wana maneno marefu, na Ibn al-Qayyim aliigawa hasira ngazi tatu, tangu ile ambayo mtu anajua anachosema mpaka ile ambayo hajui kabisa. Msichukue karatasi hii kuwa fatwa ya talaka ya mtu yeyote. Aliyetamka aje kwa wenye elimu, aje na bibi yake, na aseme ukweli.

Tuendelee. Mpaka sasa nimezungumza juu ya hofu inayokuja na kuondoka. Lakini wengi wetu shida yao si lori wala radi. Ni kile ambacho hapa kwetu tunakiita mawazo. Mtu anawaza minervali ya mtoto wa sekondari, anawaza kodi ya nyumba, mshahara haujatoka miezi mitatu, ndugu yuko Goma au Bukavu na simu haipokelewi tangu mapigano ya mwanzo wa mwaka 2025. Hakuna wa kupigana naye, hakuna pa kukimbilia. Lakini mwili haujui tofauti hiyo. Unapiga ngoma ile ile, usiku na mchana.

Mwaka 1936, kule Montreal, Canada, munganga mmoja anayeitwa Hans Selye aliandika barua fupi katika jarida la Nature. Alikuwa amewatesa panya kwa njia mbalimbali: baridi kali, kazi ya kupita kiasi, sindano za vitu tofauti. Akategemea kuona madhara tofauti. Akaona yale yale kila mara: tezi za adrenali zimevimba, vile viungo vinavyotengeneza askari wa mwili vimenywea, na vidonda vimetoka tumboni. Tangu hapo dunia ikaanza kujua kwamba ngoma ya hatari ikipigwa bila kunyamaza, inayeyusha nyumba yenyewe iliyotaka kuilinda. Shinikizo la damu, ile tunayoiita tansio, linapanda. Sukari inachafuka. Usingizi unakatika. Mwaka 1995 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwachukua wanawake waliokuwa wakiuguza wazee wao waliopoteza akili, wakawatia kidonda kidogo sana mkononi, na wengine wasio na mzigo huo wakatiwa vile vile. Kidonda cha wenye mzigo kilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Ngozi yenyewe ilikuwa imechoka.

(Hata hivyo msiseme kila kidonda cha tumbo ni mawazo. Mwaka 1982 wanganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimwona mdudu anayeleta vidonda vingi vya tumbo, na mwaka 2005 wakapewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo. Mdudu huyo ana dawa. Nenda ukapimwe.)

Mtu wa mawazo tukimwambia "tawakali tu, usiwaze", tumempa neno la kweli kwa njia isiyofaa. Tawakuli ni kazi ya moyo wa imani, nayo inawezekana ndani ya mwili ambao haulali. Aliyemtegemea Mungu na tansio yake ikabaki 17 hajasema uongo katika dua yake. Ameze kidonge cha munganga na aswali. Wale wanaowauzia watu maji ya kombe na kuwaambia watupe vidonge, mimi najua nyumba mbili katika komine yetu zilizozika kwa shauri hilo, na walioshauri wanatembea wakiwa wazima. Kumsomea mgonjwa Qurani ni Sunna. Kumkataza dawa si Sunna ya mtu yeyote.

Juu ya kutuliza mwili, liko jambo linalopendeza. Mwaka 2001 wanganga wa Italia walipima mapigo ya moyo ya watu 23 wakati wa kusali rozari ya Wakatoliki kwa Kilatini na wakati wa kukariri maneno ya Wahindi. Katika yote mawili pumzi ilishuka mpaka mara sita hivi kwa dakika, na moyo ukaenda kwa utaratibu mzuri zaidi, kwani kutoa pumzi polepole kunauamsha mshipa mkubwa wa fahamu unaoushika moyo kama breki. Msinikasirikie kwa kutaja rozari katika karatasi ya Ijumaa. Mwenyezi Mungu ameumba moyo mmoja kwa wana wa Adamu wote. Nasi tunaosoma tasbihi baada ya swala, tuulize kwa nini tunazikimbiza kama mtu anayehesabu franga za mwizi. Hatuleti dhikri ili tupate kutuliza mishipa, tunamtaja Mola kwa kuwa anastahili kutajwa. Lakini ukitaja polepole, ukimaliza pumzi kabla ya kuvuta nyingine, mwili nao unapata fungu lake.

Limebaki upande ambao barza haikuuliza, na mimi nauona mzito kuliko wote. Tumekaa tukihukumu anayeogopa. Na anayetia hofu je? Imepokewa kwamba masahaba fulani walimtania mwenzao aliyelala, wakachukua kitu chake, akashtuka kwa hofu, na Mtume (s.a.w.) akasema si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu. Hiyo ilikuwa mzaha. Basi vijana wanaolipua fataki nyuma ya madirisha usiku wa Idi, katika mji huu uliopigwa mabomu 6,000, wajue wanafanya nini. Na mwenye duka anayemdai mjane mbele ya wateja wake, asubuhi baada ya asubuhi.

Na sisi walimu wa chuo tusijitoe. Mimi nilisoma Qurani kwa mwalimu ambaye fimbo yake ilikuwa ndefu kuliko darsa lake. Nakumbuka mwenzangu mmoja aliyehifadhi juzuu yake vizuri kabisa nyumbani, mama yake alimsikia, lakini akifika mbele ya fimbo ulimi unakauka na aya zinapotea. Alipigwa kwa uvivu ambao hakuwa nao, mpaka akaacha chuo. Leo wanganga wanaeleza kwamba kortizoli ikipanda sana, akili inashindwa kutoa kilichohifadhiwa ndani yake. Mtoto alikuwa na Qurani kifuani, na fimbo ikafunga mlango. Wazazi wanaotuletea watoto na kusema "mwalimu, nyama yako, mifupa yangu", wachague maneno mengine.

Sasa nimalizie na hukumu za swala, kwani kijana aliyeuliza alitaka pia kujua hilo. Aliyeshtuka ndani ya swala, moyo ukapiga, akatetemeka, swala yake ni sahihi, aendelee. Akigutuka na mguu ukasogea, au sauti ikamtoka bila kutaka, hana neno. Aliyeanguka au akatoka katika safu na kuukata uelekeo wake, aianze upya, wala hana dhambi kwa ile aliyoikata. Wakati wa mvua ya radi anaweza kuswali karibu na mlango au nguzo kama hapo mwili wake unapata utulivu, na hakuna ubaya safu ikamalizikia kwake. Na walio kuume na kushoto wa mtu aliyeanguka hawaruhusiwi kuziba nafasi yake kwa haraka kama vile amekufa. Wamngoje asimame.